MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Hotuba juu ya michezo mikubwa na miji, iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na wageni wao. Twaichapa nzima kwa faida ya wale wasiohudhuria.



Nimeombwa niseme habari za michezo. Najua wengine mmekuja mkidhani nitataja timu, na kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni nani atachukua kombe. Hilo sitalisema kwa kuwa silijui. Nitakalosema ni habari ya mji. Maana michezo mikubwa ikija haiji uwanjani peke yake. Huja na barabara, huja na hoteli, huja na tingatinga na karatasi za kutia sahihi. Na wachezaji wakiisha kurudi kwao, vitu hivyo vyabaki nasi, pamoja na deni lake.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri, nami nalipenda. Lakini leo nataka tuulizane: mwenyeji yupi huyo anayepona? Ni mwenye hoteli? Ni mwenye kampuni ya ujenzi? Au ni mama auzaye maandazi karibu na uwanja, na mpangaji wa chumba kimoja, na mtoto anayesoma katika shule iliyo jirani na kiwanja?

Jambo hili haliko mbali nasi. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, liliwapa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Agosti 2025 tulikwisha kuonja kidogo, michuano ya CHAN ilipochezwa Dar es Salaam, Unguja, Nairobi na Kampala. Na kwa ajili ya Kombe hilo kubwa viwanja vipya vilianza kujengwa Nairobi, Arusha na Hoima. Kabla ya kuja nyumbani, twendeni kwanza kwa ndugu zetu wa Afrika Kusini, ambao ndio Waafrika pekee waliopata kuandaa Kombe la Dunia, mwaka 2010. Yaliyowapata wao, mema na mabaya, yako wazi kwa kila mwenye macho.

Afrika Kusini walipewa Kombe hilo mwezi Mei 2004, miaka kumi tu baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka. Walicheza ngoma mitaani, na walikuwa na haki ya kucheza. Lakini kumbukeni jinsi miji ya nchi ile ilivyokuwa. Miji ile haikukua yenyewe kama uyoga. Ilichorwa kwa rula na kwa sheria: Wazungu katikati ya mji na kando ya bahari, Waafrika, Wahindi, na wale walioitwa Machotara nje, mbali, ng'ambo ya reli na ng'ambo ya barabara kuu, ili waje mjini asubuhi kufanya kazi na jioni watoweke. Huko Cape Town mtaa wa District Six ulitangazwa mwaka 1966 kuwa wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, wengi wakatupwa kwenye mchanga wa Cape Flats, mbali na kazi na mbali na bahari yao.

Basi mji wa namna hiyo ukijaliwa fedha nyingi kwa mara moja, fedha ambazo hazipatikani ila mara moja katika umri wa mtu, utazitia wapi? Mtoto wa darasa la nne atakujibu: pale palipochanika, ushone. Na nafasi ya kushona ilikuwapo. Athlone, katika Cape Flats, palikuwa na uwanja tayari, na mpira wa miguu ndio mchezo wa watu wa kule. Wakubwa wa mji na wa jimbo walipata kuufikiria uwanja huo. Ukipanuliwa, stesheni itatengenezwa, taa zitawekwa barabarani, maduka yatafuata. Lakini mwaka 2005 wajumbe wa FIFA walipita wakaangalia, nao wakapendelea Green Point, mtaa wa wenye nacho, kando ya bahari, na mlima wa Table Mountain umesimama nyuma. Katika televisheni picha ile ni nzuri mno, sikatai. Green Point ikashinda. Uwanja mpya ukajengwa kwa zaidi ya randi bilioni 4, zikachezwa mechi 8. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya nusu bilioni kwa kila mechi. Athlone ikapewa heshima ya kuwa uwanja wa mazoezi.

Baada ya wageni kuondoka, uwanja ule ulikaa miaka ukitafuta mtu wa kuutumia. Timu kubwa ya raga ya mji ilikuwa na uwanja wake wa zamani, ikakaa huko, haikuhamia Green Point mpaka mwaka 2021. Miaka yote hiyo kumi, taa, maji, majani na walinzi vililipwa na halmashauri, maana yake vililipwa na mlipa kodi, na mlipa kodi huyo ni pamoja na yule wa Athlone.

Tazameni na mabasi. Cape Town walianzisha mabasi ya mwendo kasi yaitwayo MyCiTi, na jambo lenyewe lilikuwa jema. Lakini njia za kwanza zilihudumia katikati ya mji, uwanja wa ndege, na upande wa Table View. Khayelitsha, wanakokaa wafanyakazi wanaousafisha mji ule na kuupikia, walingoja mabasi yao ya barabara kuu mpaka mwaka 2014. Mgeni aliyekaa wiki mbili alipata basi miaka minne kabla ya mwenyeji anayekwenda kazini kila siku ya Mungu.

Durban nitawapitia haraka tu, ili mcheke kidogo. Hapo palikuwa na uwanja mkubwa wa raga, wenye viti zaidi ya 50,000. Wakajenga mwingine mpya wa mpira wa miguu, mzuri kweli, wenye tao kubwa juu yake. Wakaujenga wapi? Jirani na ule wa kwanza, mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka huu hadi ule. Viwanja viwili vikubwa vyatazamana kama wake wenza.

Sasa nitawaomba tukae zaidi katika mji mmoja mdogo, Nelspruit, ambao siku hizi waitwa Mbombela, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mimi nimesomea ualimu, mtanisamehe nikivutwa na habari ya shule. Pale walijenga uwanja wenye viti zaidi ya 40,000. Nguzo zake zimefanywa kama twiga, viti vyake vimepakwa milia kama ya punda milia. Zilichezwa mechi 4 za Kombe la Dunia. Nne tu. Na mahali palipochaguliwa palikuwa na shule mbili. Watoto wakaondolewa katika majengo yao wakatiwa katika vyumba vya muda, vyenye joto kali, wakaahidiwa shule mpya. Majengo waliyoyaacha yakageuka ofisi za wajenzi. Miezi ikapita, uwanja ukapanda, shule haikupanda. Wazazi na wanafunzi wakaandamana, barabara zikafungwa, polisi wakatumwa.

Niambieni, mtoto yule tutamfundisha nini juu ya nchi yake? Ameliona kwa macho yake mwenyewe jengo la mabilioni likikamilika kwa siku iliyotajwa, kando ya darasa lake la muda. Somo la uraia alilopata pale hakuna mwalimu atakayeweza kulifuta kwa chaki.

Ardhi nayo ilikuwa na kisa chake. Ilikuwa mali ya jamii ya Matsafeni, iliyorudishiwa haki yake baada ya ubaguzi. Ukatengenezwa mkataba wa kuihamishia halmashauri kwa bei ya randi moja. Nasema randi moja, si kosa la chapa. Jambo likafika mahakamani, jaji akaukataa mkataba huo, akaukemea kwa kukumbusha vile wakoloni walivyochukua nchi za watu kwa vifungo na vioo. Na alikuwako mtu mmoja, Jimmy Mohlala, spika wa halmashauri ya mji huo, tena mwanachama wa chama kilichotawala wakati ule. Alipiga kelele juu ya zabuni za uwanja. Januari 2009 alipigwa risasi nyumbani kwake, akafa. Namtaja kwa heshima, kwa sababu katika chama chochote mtu wa namna hiyo ndiye anayefanya kadi ya uanachama iwe na thamani.

Yafaa nieleze sasa jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana wengi hudhani ni ubaya wa watu tu. Ubaya wa watu upo, lakini mtego umo ndani ya jambo lenyewe. Mji ukitaka uenyeji, watia sahihi ahadi kabla ya kujua gharama. Ukiisha kutia sahihi, tarehe yatundikwa ukutani. Shule yaweza kuchelewa mwaka, zahanati yaweza kuchelewa miaka mitano, lakini filimbi ya kwanza haichelewi hata saa moja. Basi tarehe ile yawa bwana mkubwa. Mkandarasi ajua huwezi kungoja, apandisha bei, nawe utalipa. Mwenye shamba akidai fidia, aambiwa analichelewesha taifa. Diwani akiuliza hesabu, aambiwa hapendi nchi yake. Mpango wa mji uliokuwa umechorwa kwa miaka ishirini wafungiwa kabatini, kwa kuwa uwanja wataka kupita pale mpango uliposema pawe na soko.

Na msidhani kupandisha bei ni dhana yangu. Mwaka 2013 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilizitoza faini kampuni 15 za ujenzi, jumla randi bilioni 1.46, kwa kula njama za kugawana zabuni, na viwanja vya Kombe la Dunia vilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Walikaa chumbani wakapangiana nani ashinde wapi. Wananchi walikuwa nje wanapuliza vuvuzela.

Lakini, ndugu zangu, nisingekuwa mkweli kama ningewaambia kwamba yote yalikuwa hasara. Johannesburg walifanya jambo moja ambalo mimi nalisifu. Agosti 2009 walianzisha mabasi ya Rea Vaya, maana yake "tunakwenda", na njia ya kwanza ilianzia Soweto ikaingia katikati ya mji mpaka Ellis Park. Hiyo ndiyo sindano niliyoisema: imepita pale pale palipochanika. Wenye mabasi madogo waliikataa mwanzoni, na walikuwa na sababu, maana ni riziki yao. Palikuwa na ugomvi mkali. Mwishowe wengi wao wakaingizwa kuwa wenye hisa katika kampuni za mabasi hayo. Nalo treni la Gautrain lilifunguliwa tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, kutoka uwanja wa ndege hadi Sandton. Ni treni safi, laenda mbio. Soweto halifiki. Mji ule ule, fedha za nchi ile ile, kombe lile lile: vyombo viwili, kimoja kwa mfanyakazi, kimoja kwa mwenye mkoba. Basi si kweli kwamba michezo lazima ifanye hivi au vile. Kuna watu waliokaa mezani wakachagua.

Na wananchi nao waliweza kuchagua, walipokataa kunyamaza. Kando ya barabara kuu ya N2, itokayo uwanja wa ndege wa Cape Town kwenda mjini, kuna makazi ya vibanda yaitwayo Joe Slovo, katika Langa. Watu kiasi cha 20,000. Serikali ilikuwa na mradi wa kujenga nyumba bora kando ya barabara ile, na ikataka watu wale waondoke kwanza, wapelekwe Delft, mbali zaidi. Wakuu walisema ni mradi wa nyumba tu. Wakazi waliona kwamba barabara ile ndiyo atakayopita kila mgeni wa Kombe la Dunia. Walifunga barabara, wakashtaki, wakapanda mahakama moja hadi nyingine. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliruhusu wahamishwe, lakini kwa masharti mazito: watu waulizwe, wapewe pa kukaa, na sehemu kubwa ya nyumba mpya iwe yao. Masharti yale yaliwashinda wahamishaji. Kombe likaja likapita, watu wako pale pale. Mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo ikaiondoa amri yake, na nyumba zikajengwa hapo hapo walipokuwa wakikaa.

Huko Delft nako kulikuwa na kambi iliyojengwa mwaka 2008 na halmashauri, vyumba zaidi ya elfu moja vya mabati vilivyopangwa mstari mstari juu ya mchanga. Wenyeji waliipa jina Blikkiesdorp, yaani kijiji cha makopo. Iliitwa ya muda. Miaka zaidi ya kumi baadaye watu walikuwa bado wakiishi humo. Neno "muda", mkilisikia katika kikao chochote cha kuhamisha watu, shikeni kalamu mwulize: muda wa siku ngapi?

Tuvuke bahari kidogo. Montreal, katika Kanada, waliandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976. Wazee wenu hapa wanaikumbuka kwa sababu nyingine: ndiyo ile michezo ambayo nchi zaidi ya ishirini za Afrika ziliisusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu mwaka ule ule wa damu ya watoto wa Soweto. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Tulilipa gharama hiyo kwa hiari yetu, na hatukujuta. Montreal nao walikuwa na gharama yao. Meya wao, Jean Drapeau, alikuwa amejigamba kwamba Michezo ile haiwezi kuleta hasara kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa mtoto. Basi mwanamume akazaa. Deni lilifika zaidi ya dola bilioni moja za Kanada, likalipwa kwa kodi ya tumbaku, na halikwisha mpaka mwaka 2006. Miaka thelathini! Kijana aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na kila akiwasha sigara alikuwa akilipia mbio ambazo hakuziona.

Wale wanaotetea michezo mikubwa hupenda kututajia Barcelona, mji wa Hispania, ulioandaa Olimpiki ya mwaka 1992. Nami nakubali itajwe, ila itajwe yote. Barcelona hawakuanza na michezo. Udikteta wa Franco ulipokwisha, mwaka 1979 wananchi walichagua baraza lao la mji, na baraza hilo likaanza na mambo madogo: viwanja vya kupumzikia, shule, ngazi na taa katika mitaa ya wafanyakazi. Mpango mkubwa wa mji ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu mwaka 1976. Walikuwa wanajua wanachotaka: mji wao ulikuwa umegeuzia bahari mgongo, umekatwa na reli na viwanda, nao walitaka kuifikia bahari yao, na walitaka barabara ya kuuzunguka mji ili malori yasipite katikati. Walichokosa ni fedha na nguvu ya kuilazimisha serikali kuu itoe. Oktoba 1986 walipopewa Michezo, waliitumia kama fimbo. Reli ikahamishwa, majitaka yakatengenezewa njia, barabara ya mzunguko ikakamilika, ufuko ukafunguliwa. Na uwanja mkuu wa Olimpiki je? Hawakujenga mpya. Walichukua wa zamani, wa mwaka 1929, wakauacha ukuta wake wa nje na kuutengeneza ndani. Wajanja wale!

Lakini itajwe yote. Nyumba za kijiji cha wachezaji, kama elfu mbili, ziliuzwa kwa bei ya soko, na mfanyakazi wa kawaida hakuzigusa. Kisha wageni walioupenda mji ule wakarudi, wakarudi tena, wakazidi. Sisi twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Barcelona mgeni amekaa miaka thelathini na hakuna aliyempa jembe. Nyumba za kupanga zikageuzwa vyumba vya watalii, kodi zikapanda, wenyeji wakahama mitaa waliyozaliwa. Juni 2024 meya wa mji, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaendelea baada ya mwaka 2028. Hata mwanafunzi bora wa darasa bado anasahihisha daftari lake.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Nairobi waliandaa Michezo ya Afrika Nzima mwaka 1987, na kwa ajili hiyo ulijengwa uwanja wa Kasarani, kwa msaada wa China, nje ya mji upande wa barabara ya Thika. Barabara pana ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012. Toeni wenyewe: miaka 25 kati ya uwanja na barabara yake. Hapa kwetu uwanja wa Benjamin Mkapa, wa viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007 Temeke, jirani na Uwanja wa Uhuru ambako bendera yetu ilipandishwa Desemba 1961. Uwanja ule umejengwa mahali wanapoishi watu, na kwa miaka mingi Simba na Yanga wameujaza. Uwanja wenye wenyewe wa kuujaza haufi. Na wakati wa CHAN, mwaka 2025, nchi zetu tatu zilitumia viwanja vilivyokuwapo, Mkapa, Amaan, Kasarani, Nyayo na Namboole, baada ya kuvitengeneza. Hilo lilikuwa jambo la akili, na asiyelisema ana choyo.

Mimi sipingi kombe. Nitakuwapo uwanjani nikijaliwa tiketi, na sauti hii mnayoisikia nitaimaliza huko. Ninalosema ni kwamba tarehe ikiisha kutundikwa, wakati wa mwananchi kusema wawa mfupi sana. Kwa hiyo yatupasa kuuliza sasa, na kuuliza kwa adabu, lakini kuuliza vitu vyenye jina. Ramani ya mji wetu iko wapi, na uwanja au barabara au hoteli hii imo ndani yake, au imeingizwa usiku? Baada ya mechi za kombe, ni timu gani, shule gani, itakayoutumia uwanja kila juma, na nani atalipa umeme? Barabara mpya yatoka uwanja wa ndege kwenda hotelini, au yapita pia kwa watu wa nyumba za udongo walio katikati?

Na habari ya ardhi, sikilizeni vizuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema mtu akichukuliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa haraka. Hayo ni maneno ya sheria ya nchi, si maneno ya mkorofi. Anayekuja na kipimo na rangi nyekundu kutia alama ukutani, mwulizeni kwa upole tarehe ya kulipa. Halafu liko tundu ambalo sheria haikuliziba sawasawa. Fidia humfuata mwenye nyumba; mpangaji hufuata mizigo yake. Nyumba moja ya Uswahilini yaweza kuwa na wapangaji sita, kila chumba na familia yake, na mama wa barazani mwenye jiko la mkaa. Nyumba ikivunjwa, mmoja alipwa, sita watawanyika, na watoto wao waacha shule katikati ya muhula. Hilo hatuwezi kuliachia sheria peke yake. Ni jambo la kupeleka kwa madiwani wetu, nasi tuseme wazi kwamba katika mji huu hatutaki familia iondolewe kabla halijajulikana darasa jipya la mtoto wake.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, wakubwa watasema chama kinazuia maendeleo." Nikamjibu kwamba wale wa Joe Slovo hawakuzuia nyumba, walizipata. Waliozuia nyumba ni wale waliotaka wahame kwanza.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Mtu haulizwi kadi mlangoni. Mkutano ujao twende wengi, tukae kimya, tusikilize. Watu wakikaa kimya mia mbili nyuma ya ukumbi, hesabu husomwa polepole zaidi.

Katibu wa tawi ana daftari hapa mezani. Wale ambao nyumba zao au vyumba vyao vimetiwa alama, wenye nyumba na wapangaji wote, waandike majina kabla ya kuondoka, na idadi ya watoto wanaosoma, na shule wanayosoma. Asiyejua kuandika aje kwangu, nitamwandikia. Kisha tutafungua maswali, tukianza na akina mama walio nyuma, maana wao watatoka mapema.